Mlemavu Asiyetembelewa: Jinsi Wasimamizi wa Huduma Wanavyopanga Kazi na Kutoa Taarifa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, afya ya kina mama wajawazito na magonjwa mengine yanayobisha hodi katika nyumba zetu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumzia jambo linaloonekana kuwa la maofisini: mipango ya kazi na taarifa za mwaka. Tena si za ofisi ya hapa kwetu, bali za nchi ya mbali, Australia. Lakini nyuma ya karatasi hizo kuna uhai wa watu wasioweza kugeuka kitandani, wasioweza kusema njaa inawauma, na wanaomtegemea mwingine hata kwa kijiko cha maji. Kila familia yenye mlemavu inajua tunazungumza nini.

Swali letu ni hili: mlemavu anapokabidhiwa mikononi mwa mtu anayelipwa kumtunza, nani anahakikisha kwamba anatunzwa kweli? Na huyo mhakikishaji, nani anajua kama anafanya kazi yake?

TUME HII NI NINI?

Mwaka 2013 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuanzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu. Anayekubaliwa katika mpango huu hutengewa fedha za serikali kwa ajili ya msaada anaohitaji: mtu wa kumwogesha na kumvalisha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, au nyumba ya kuishi pamoja na wenzake chini ya uangalizi. Watu zaidi ya 600,000 wamo katika mpango huo. Mlemavu mwenyewe au familia yake huchagua wa kumhudumia, na watoa huduma ni wa kila namna: mashirika ya hisani, ya makanisa, makampuni ya biashara na hata mtu mmoja mmoja.

Penye fedha nyingi na watu wasioweza kujitetea, lazima liwepo jicho jingine. Ndiyo sababu tarehe 1 Julai 2018 ilianza kazi Tume ya Ubora na Ulinzi ya mpango huo, chini ya Kamishna wake wa kwanza, Bwana Graeme Head. Ilianza katika majimbo mawili, New South Wales na South Australia. Mwaka mmoja baadaye ikaingia sehemu nyingine za nchi, na tarehe 1 Desemba 2020 ikamalizia na jimbo la Western Australia.

Tume haigawi fedha wala haiogeshi mtu. Kazi yake ni kusimamia. Husajili watoa huduma na kudai wakaguliwe na wakaguzi waliothibitishwa. Hupokea malalamiko ya mtu yeyote. Hupokea taarifa za ajali, vifo na matendo mabaya. Huangalia mahali ambapo walemavu wanafungiwa, wanafungwa au wanatulizwa kwa dawa. Ina uwezo wa kutoza faini, kufuta usajili, na kumpiga marufuku mtu asifanye tena kazi ya kutunza walemavu.

MPANGO WA KAZI: KAMA ULE WA WODINI

Sisi wauguzi tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza chuoni kwamba mgonjwa hahudumiwi kwa kubahatisha. Unamchunguza, unatambua tatizo, unaweka lengo, unatenda, kisha unatathmini. Na yote yanaandikwa, ili muuguzi wa zamu ya usiku ajue wa mchana alifanya nini. Kazi ya Tume inafuata njia hiyo hiyo, ila mgonjwa wake ni nchi nzima.

Sheria ya mwaka 2013 inayohusu utawala na uwajibikaji wa vyombo vya umma vya Australia inaitaka kila ofisi ya serikali kuu, Tume ikiwamo, kutunga mpango kazi unaotazama mbele angalau miaka 4. Mwaka wao wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mpango hutangazwa kwa watu wote kabla ya mwisho wa mwezi Agosti. Ndani yake ofisi inapaswa kueleza mambo haya:

1. Ipo kwa ajili gani, yaani shabaha yake.

2. Hali inayofanyia kazi, na hatari inazoziona.

3. Watu, vifaa na ujuzi ilio nao wa kutimiza kazi.

4. Inashirikiana na nani.

5. Itapimwa kwa vipimo gani, na inakusudia kufikia wapi.

Hilo la tano ndilo lenye uzito. Muuguzi akiandika katika mpango wake kwamba “mgonjwa ataendelea vizuri”, ameandika maneno tu. Akiandika kwamba kidonda chenye upana wa sentimita 5 kitapungua kufikia sentimita 3 katika majuma mawili, hapo amejifunga. Juma la pili likifika, mtu yeyote anaweza kuja na rula. Chombo cha usimamizi nacho ni hivyo hivyo. Kusema “tutawalinda walemavu” ni rahisi. Kusema ni malalamiko kiasi gani yatashughulikiwa, kwa muda gani, na ni wafanyakazi wangapi watachunguzwa kabla ya kuajiriwa, huko ndiko kujifunga.

TAARIFA YA MWAKA: KITABU CHA ZAMU

Mwaka ukiisha, Tume inaandika taarifa. Kwa kawaida inatakiwa kumfikia Waziri anayehusika kabla ya tarehe 15 Oktoba, naye huipeleka Bungeni. Ndani yake mna sehemu maalumu ambamo kila kipimo kilichoahidiwa katika mpango kinarudiwa, na mbele yake panaandikwa matokeo: lengo limefikiwa, limefikiwa kwa sehemu, au halikufikiwa. Hesabu za fedha hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa serikali. Zaidi ya hapo, wajumbe wa kamati za Baraza la Seneti huwaita wakubwa wa ofisi za serikali na kuwauliza maswali hadharani, nao hujibu huku wananchi wakisikiliza.

Tunapenda mwone uhusiano wa karatasi hizi mbili. Mpango bila taarifa ni ahadi ya mlevi. Taarifa bila mpango ni hadithi, maana mwandishi atachagua kusimulia yale yaliyokwenda vizuri tu. Zikiwekwa bega kwa bega ndipo mwananchi anapoweza kuuliza: mlisema mtafanya hili, mbona hamkulifanya?

MAMBO YA KURIPOTIWA

Taarifa ya Tume haipatikani kwa kukaa ofisini. Inajengwa na habari zinazotoka majumbani. Kila mtoa huduma aliyesajiliwa anawajibika kuieleza Tume mambo yafuatayo yanapotokea, au yanaposemekana kutokea, katika huduma yake: kifo cha mlemavu, jeraha kubwa, kuteswa au kutelekezwa, kupigwa au kuguswa kinyume cha sheria, utovu wa adabu wa kijinsia, na kuzuiwa kwa namna isiyoidhinishwa.

Kwa matukio mazito muda ni saa 24 tangu mhusika apate habari. Kwa kizuizi kisichoidhinishwa ambacho hakikumletea mtu madhara, muda ni siku 5 za kazi.

Hapa kuna mwanya ambao msomaji wa taarifa lazima aujue. Si kila mtoa huduma katika mpango ule amesajiliwa, na kwa kweli wengi hawakusajiliwa. Hao nao wanafungwa na kanuni za maadili na wanaweza kulalamikiwa, lakini hawana wajibu ule wa kuripoti matukio. Kwa hiyo nyumba isiyoonekana katika hesabu si lazima iwe nyumba salama. Huenda ni nyumba iliyo kimya tu.

NAMBA KUBWA HUSEMA NINI?

Katika mwaka wa 2020 hadi 2021, Tume ilipokea taarifa za vizuizi visivyoidhinishwa zaidi ya milioni moja. Mtu akisikia hivyo anashika kichwa. Je, walemavu walifungwa kamba mara milioni moja?

Tueleze. Sheria ya kule inatambua vizuizi vya aina 5: kumfungia mtu peke yake chumbani, kumtuliza kwa dawa, kumfunga kwa kifaa, kama mkanda au glovu, kumshika kwa mikono, na kumzuia asifikie vitu au sehemu, kwa mfano kufunga jokofu au mlango wa nje. Kizuizi kinakubalika pale tu kinapokuwa katika mpango ulioandikwa na mtaalamu na, kadiri ya sheria za jimbo, kuidhinishwa. Pasipo hayo, kila mara kinapotumika ni tukio la kuripotiwa. Hivyo mtu mmoja anayepewa kidonge cha kumtuliza asubuhi na jioni bila idhini, anaweza kuhesabiwa mara 60 katika mwezi mmoja.

Kwa hiyo namba ile haikuwa idadi ya watu, na kupanda kwake hakukuwa lazima kupanda kwa ukatili. Sehemu yake ilikuwa ni watoa huduma kujifunza kuripoti yale yaliyokuwa yakifanyika kimya kimya. Lakini isitufariji kupita kiasi. Sisi tunaoshika sinia la dawa tunajua kwamba kidonge cha kutuliza kinachotolewa ili mlezi apumzike si matibabu. Humfanya mtu asinzie, apaliwe na chakula, aanguke, na kukaa mahali pamoja hadi ngozi ife. Namba ile inatuambia kwamba watu wengi waliishi katika vizuizi ambavyo hakuna mtaalamu aliyekaa chini na kuvipima.

Basi tunaposoma taarifa yoyote, tuulize maswali matatu: Kilichohesabiwa ni nini, watu au matukio? Nani alihesabu? Na nani hakuhesabiwa kabisa?

KIFO CHA ADELAIDE

Tarehe 6 Aprili 2020, katika mji wa Adelaide, alifariki mama mmoja aitwaye Ann-Marie Smith, mwenye umri wa miaka 54. Alikuwa na mtindio wa ubongo tangu utoto. Wazazi wake walikuwa wameshafariki, na alikuwa akiishi katika nyumba yake mwenyewe, akihudumiwa na mlezi mmoja wa kampuni iliyosajiliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa muda zaidi ya mwaka alikaa mchana na usiku katika kiti kimoja cha henzerani. Kiti hicho ndicho kilichokuwa kitanda chake, na ndicho kilichokuwa choo chake. Alikufa kwa sumu ya vijidudu kuenea katika damu na viungo kushindwa kufanya kazi, pamoja na vidonda vikubwa vya mgandamizo na utapiamlo.

Wapendwa, vidonda vile havitokei kwa siku moja. Kwanza ngozi inabadilika rangi. Kisha inachubuka. Kisha nyama inaoza, na mwisho mfupa unaonekana na harufu inajaza chumba. Katika kila hatua macho ya mtu mmoja tu mwenye kujali yangetosha kuokoa maisha.

Yule mlezi alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 6. Kampuni ilitozwa na Tume faini ya dola 12,600 za Australia kwa kutoripoti kifo ndani ya muda uliowekwa, na baadaye ikafutiwa usajili.

Tume ilimwomba aliyekuwa jaji, Bwana Alan Robertson, achunguze jinsi ilivyoshughulikia jambo lile. Alimaliza kazi mwezi Agosti 2020. Hakuona kasoro kubwa katika namna Tume ilivyolishughulikia. Tafadhali lisomeni jambo hilo mara mbili. Ofisi ilikwenda kwa taratibu zake, na bado mtu alioza akiwa hai katika mtaa wenye majirani.

Kwa hiyo Robertson alipendekeza mambo ambayo kila familia inaweza kuyaelewa. Mlemavu aliye katika hatari asihudumiwe nyumbani kwake na mlezi mmoja tu. Kila mmoja awe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye dhamana ya usalama na ustawi wake. Tume itafute mapema walio hatarini, isingoje kuletewa habari. Na pafikiriwe utaratibu wa wageni wa kuwatembelea walemavu majumbani, kama ule uliokuwapo katika baadhi ya majimbo. Mwaka 2021 Bunge lao lilibadilisha sheria kutokana na uchunguzi huo.

TAARIFA IKIGEUKA KANUNI

Tusidhani kwamba taarifa huishia kabatini. Tume iliwahi kuwapa wataalamu wa chuo kikuu kazi ya kupitia habari za vifo vya walemavu vya tangu 2013 hadi 2019. Mambo yaliyojitokeza hayatashangaza muuguzi yeyote: magonjwa ya mapafu, kupaliwa na chakula, kifafa. Mengi ya vifo hivi yanaweza kuzuilika. Mwezi Novemba 2021 viwango vya huduma viliongezwa, na sasa aliyesajiliwa lazima aonyeshe jinsi anavyosimamia milo ya wenye shida ya kumeza. Watu walikufa, vifo vikahesabiwa, hesabu ikasomwa, na jinsi ya kulisha ikabadilika. Hiyo ndiyo taarifa yenye manufaa.

Mfano mwingine: mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho iliamuru shirika moja la kutunza walemavu lilipe dola 400,000 za Australia. Msichana mwenye kifafa aliyekuwa chini ya uangalizi wao alikuwa amefariki mwaka 2019 baada ya kuachwa bafuni bila kusimamiwa. Kosa tunalowaonya wazazi kila siku kliniki, huko lilifikishwa mbele ya jaji.

Hata hivyo kazi haijaisha. Tume ya Kifalme ya uchunguzi wa ukatili na unyonyaji dhidi ya walemavu ilianzishwa mwaka 2019, ikasikiliza walemavu na familia kwa zaidi ya miaka 4, na Septemba 2023 ikatoa taarifa ya juzuu 12 yenye mapendekezo 222. Miongoni mwake ni kuimarisha usimamizi wa huduma, na utaratibu wa wageni wa kutembelea uwe wa nchi nzima.

JE, SISI INATUHUSU?

Inatuhusu kwa njia ya wazi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Australia na Kenya ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 16 ya Mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kwamba vituo na mipango yote ya kuwahudumia walemavu inasimamiwa ipasavyo na vyombo huru. Kwa hiyo swali la nani anatembelea na nani anatoa taarifa si la Waaustralia peke yao.

Tena sehemu kubwa ya walemavu wetu hawako katika vituo. Wako nyumbani, wakitunzwa na mama, bibi au dada. Huko hakuna kamishna. Kuna jirani, kuna jumuiya ndogondogo, kuna mhudumu wa afya wa kijiji. Basi tunashauri haya:

1. Kituo chochote cha walemavu unachokijua, uliza: nani wa nje hukikagua, lini alikuja mara ya mwisho, na alichoandika kinasomwa wapi? Uliza kwa heshima, lakini uliza.

2. Ukimpeleka mtoto wako kituoni, mtembelee bila kutoa taarifa. Usiishie sebuleni. Ona kitanda chake, umvue nguo na kuangalia ngozi yake.

3. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili akiwa kitandani. Tazameni visigino, nyonga, makalio, mgongo na nyuma ya kichwa kila siku. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi, hivyo gusa: sehemu yenye joto, ngumu, yenye maumivu au iliyokuwa nyeusi kuliko jirani yake ni dalili ya hatari. Akae mkavu, apate maharage, mayai, dagaa au maziwa. Ngozi ikichubuka, mleteni zahanati mapema.

4. Mwenye shida ya kumeza alishwe akiwa ameketi wima, tonge dogo dogo, bila haraka, na abaki ameketi nusu saa baada ya chakula. Akikohoa kila anapokula, muoneni mganga.

5. Mwenye kifafa asiachwe peke yake bafuni, mtoni, kisimani wala jikoni penye moto. Asifunge mlango kwa komeo.

6. Dawa yoyote ya kumtuliza, uliza ni ya ugonjwa gani, nani aliiandika, na itaangaliwa tena lini.

7. Asiwepo mlezi mmoja peke yake mwaka mzima. Mlezi naye huchoka, na uchovu huzaa uchungu. Wanajumuiya wapeane zamu, hata saa mbili kwa juma, na daftari dogo likae nyumbani: nani alikuja, alikula nini, ngozi yake ikoje.

Daftari hilo la shilingi chache ndiyo taarifa yenu ya mwaka. Anayefika baadaye atalisoma na kujua pa kuanzia. Na siku ambayo hakuna aliyeandika kitu, ndiyo siku ya kwenda kubisha hodi.